Katriji ya kujazwa, katriji mbadala, mirija au printa ya tanki: ipi itakubaliwa na printa yako?

Printa ndogo za nyumbani huuzwa na katriji za kuanzia ambazo wino wake huisha mapema. Ukirudi dukani ndipo unapogundua kwamba katriji mpya mbili, nyeusi na ya rangi, zinakaribia bei ya printa uliyoinunua juzi. Muuzaji ana jibu la haraka: chukua hizi mbadala, bei ni nafuu. Fundi wa mtaani naye anasema lete nikujazie. Jamaa wa ofisini anakwambia achana na katriji kabisa, nunua ya tanki, ile unayoimiminia wino wa chupa. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, na ushauri wa yeyote kati yao unaweza kukuachia printa inayowasha taa ya chungwa na kugoma.

Printa haiujui wino. Inachokisoma ni chipu, yaani kile kipande kidogo cha elektroniki kilichobandikwa kwenye katriji, au vidoti vya shaba vilivyoko ubavuni mwake. Chipu ndiyo inayoieleza printa katriji imetengenezwa na nani, imekusudiwa kuuzwa upande gani wa dunia, na kwa hesabu yake wino umebaki kiasi gani. Ndiyo maana katriji iliyojaa pomoni hukataliwa wakati mwingine, na iliyobakiwa na matone machache ikapita bila swali. Njia zote nne ninazozilinganisha hapa ni namna nne za kushughulika na hiyo chipu, na ukizitazama kwa jicho hilo utajua mapema ipi itakusumbua.

Igeuze katriji kwanza

Kabla ya kulinganisha chochote, toa katriji moja na uitazame chini.

Ukiona kibati chembamba kinachong'aa, na vidoti vya shaba ubavuni, hiyo katriji imebeba kichwa cha kuchapia ndani yake, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi. HP DeskJet nyingi za bei ya chini ni za aina hii, zile zinazotumia namba 123, 652 au 305, na vilevile Canon PIXMA ndogo zinazotumia PG-445 na CL-446. Printa hubeba katriji mbili tu: nyeusi, na ya rangi tatu kwa pamoja. Ndani mna sponji iliyolowa wino. Kila ukinunua katriji mpya umenunua na kichwa kipya.

Ukiona tundu moja la kutolea wino na chipu ndogo ya mraba, basi hicho ni kikopo cha wino tu, na kichwa kimebaki ndani ya printa. Hizi ni Epson za katriji, Canon zenye katriji za PGI na CLI, na HP OfficeJet nyingi. Kila rangi ina kikopo chake. Kichwa kikifa hapa, mara nyingi bei ya kukibadilisha inakufanya ufikirie printa nyingine.

Aina ya kwanza inasamehe makosa. Ya pili ina hesabu kali: chipu ikishasema wino umekwisha, printa nyingi husimama hata kama umekijaza kikopo mpaka juu, mpaka chipu ile irudishwe sifuri au ibadilishwe.

Kuna jambo jingine linalowanasa watu wanaotumiwa printa na ndugu walioko nje. Printa zinazofanana kabisa kwa sura hupewa katriji zenye namba tofauti kufuatana na soko. HP zinazotumia 305 Ulaya na huku kwetu, wenzao wa Marekani hutumia 67. Familia inayotumia 123 Afrika na Mashariki ya Kati hutumia 302 Ulaya na 63 Marekani. Kwa umbo zinaingia, kwa chipu zinakataa. Kwa hiyo ukiletewa printa kutoka Houston, usizitupe katriji zilizokuja nayo zikiisha. Pengine ndizo pekee utakazozipata zenye chipu inayokubalika, na kuzijaza ndiyo njia yako.

Vigezo

Nimezipima njia zote kwa mambo matano. La kwanza ni kukubalika: printa itachapa, au itagoma? La pili ni gharama, na hapa namaanisha gharama ya kila ukurasa pamoja na pesa ya kuanzia. La tatu ni kazi na uchafu, maana si kila mtu anataka kuosha wino kucha kutwa. La nne ni ubora wa kinachotoka pamoja na usalama wa kichwa. La tano ni kujua njia hiyo inamfaa nani.

Kuhusu idadi ya kurasa zinazoandikwa kwenye boksi, kumbuka zinatokana na kipimo cha kimataifa cha ISO/IEC 24711, ambacho kurasa zake si picha zilizojaa rangi ukurasa mzima. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 305 inakadiriwa kurasa 120, na ya rangi kurasa 100. Mtoto akichapa ramani ya Afrika iliyopakwa rangi mpaka pembeni, hesabu hiyo inaporomoka.

Njia ya kwanza: kuijaza tena katriji yako ya asili

Kukubalika. Kwa katriji zenye kichwa, hii ndiyo njia inayokubaliwa kirahisi kuliko zote, kwa sababu chipu imebaki ile ile ya kiwandani. HP wenyewe wanasema mfumo wao wa kuzuia katriji za wengine unalenga chipu zisizo zao, na kwamba katriji iliyojazwa tena ikiwa na chipu ya HP inaruhusiwa kufanya kazi. Utakachokiona ni onyo kwamba katriji imetumika au imejazwa, au kwamba wino ni mdogo mno. Bonyeza OK uendelee. Mshale wa kiwango cha wino utabaki chini daima, nao usiutegemee tena.

Canon PIXMA zina utaratibu wao. Printa ikileta namba 1686 au 1688 ikidai wino umekwisha, shikilia kitufe cha Stop kwa sekunde tano au zaidi kisha uachie. Kwa kufanya hivyo umeizima hesabu ya wino ya katriji hiyo, na printa inaendelea. Nyeusi ikileta onyo leo na ya rangi wiki ijayo, utarudia. Printa huweka kumbukumbu kwamba hesabu ilizimwa.

Mitego iko mitatu, yote kwa HP. Upo mpangilio unaoitwa "Cartridge Protection" ambao ukiwa umewashwa huifunga katriji kwenye printa ile ile moja milele. Kwako itaendelea kufanya kazi, ila huwezi kumpa jirani wala kuihamishia printa nyingine. Unaupata kwenye ukurasa wa ndani wa printa, unaofunguka ukiandika anwani yake ya IP kwenye kivinjari, ingawa mahali penyewe hutofautiana kwa modeli. Uzime kabla hujaweka katriji mpya, kwa sababu iliyokwisha kufungwa haifunguki. Mtego wa pili ni printa zenye herufi "e" mwishoni mwa jina, kama 2720e. Hizo mnunuzi anapoziwasha hualikwa kujiunga na HP+, na akikubali amekubali wino wa HP tu na intaneti muda wote, bila kurudi nyuma. Katriji za kujazwa hazina nafasi hapo. Mtego wa tatu ni katriji za usajili wa Instant Ink, ambazo walioko Uingereza na Marekani wanazijua: ukiacha kulipa, zinazimwa kwa mbali hata zikiwa na wino.

Kwa vikopo visivyo na kichwa habari ni nyingine. Kukijaza ni rahisi, chipu ndiyo kazi. Mara nyingi itabidi uwe na kifaa cha kuirudisha sifuri, au ununue vikopo vya kujazwa vyenye chipu inayojirudisha yenyewe.

Gharama. Hakuna iliyo chini ya hii ukiondoa tanki. Chupa za wino na bomba la sindano, basi. Katriji moja hujazwa mara kadhaa hadi kichwa chake kichoke, na dalili yake ni mistari myeupe isiyoondoka hata baada ya kusafisha.

Kazi na uchafu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tandaza gazeti, vaa glovu. Bandua karatasi ya juu ya katriji taratibu ili uweze kuirudisha. Chini yake kuna matundu. Kwenye ya rangi, usiamini mchoro ulioukuta mtandaoni unaoonyesha ipi ni njano na ipi ni buluu, kwa sababu mpangilio hubadilika kati ya namba na namba. Chovya kijiti cha meno kwenye kila tundu, kifute kwenye tishu nyeupe, uone rangi kwa macho yako. Ukikosea hapa, zambarau itakufuata kwenye kila ukurasa.

Ingiza sindano ndani ya sponji bila kuichoma mpaka chini, kisha sukuma polepole. Usihesabu mililita kwa kukariri, kwani katriji ndogo za siku hizi hubeba wino kidogo sana. Simama pale wino unapochungulia tunduni, kisha uvute kidogo urudi kwenye bomba. Katriji iliyojazwa kupita kiasi hudondosha wino ndani ya printa na kuchanganya rangi.

Rudisha karatasi ya juu, au tumia seloteipu bila kuziba njia ya hewa. Ukiziba kabisa, hewa haiingii, na hewa isipoingia wino hautoki. Watu hudhani kichwa kimekufa kumbe katriji imebanwa pumzi. Mwisho, kunja tishu iliyolowa kidogo maji ya vuguvugu na uikandamize katriji juu yake bila kusugua. Nyeusi iache alama moja nzito. Ya rangi iache milia mitatu, kila mmoja na rangi yake safi. Mlia mmoja ukikosekana, chumba hicho kina hewa au matundu yake yamekauka, na hakuna haja ya kurudisha katriji kwenye printa kabla mlia huo haujatokea.

Kwa fundi au steshonari kazi hii yote huifanyi, ila kuna masharti mawili. Muulize anatumia wino gani, na hakikisha unarudishiwa katriji yako mwenyewe. Baadhi hukupa iliyokwisha kujazwa ya mteja mwingine. Unaona umeokoa muda, kumbe umeitoa chipu unayoijua ukachukua usiyoijua.

Ubora na kichwa. Wino mweusi wa HP na Canon za aina hii ni wa pigmenti, ile punje laini inayokaa juu ya karatasi na kustahimili maji. Rangi zake ni wino wa rangi iliyoyeyuka. Chupa nyingi za bei ya chini zilizoandikwa kwamba zinafaa printa zote ni za wino wa kuyeyuka. Ukizitia kwenye nyeusi zitachapa, lakini herufi zitatanuka kidogo na tone la jasho litazifuta. Kwa daftari la mtoto si neno. Kwa barua ya maombi ya kazi, fikiria. Kinyume chake ni kibaya zaidi: pigmenti kwenye vyumba vya rangi huziba matundu.

Kichwa cha HP na Canon huchapa kwa kuchemsha wino kwa kufumba na kufumbua, na wino huo huo ndio unaokipoza. Ukiendelea kuchapa katriji ikiwa kavu, vile vipasha-moto vidogo huungua. Jaza mara herufi zinapoanza kufifia, usingoje zipotee.

Inamfaa nani. Mwenye DeskJet au PIXMA ndogo, anayechapa maandishi zaidi ya picha, na ambaye haoni taabu kukaa na gazeti na sindano kwa muda.

Njia ya pili: katriji mbadala

Kukubalika. Hapa ni bahati nasibu kidogo, na lazima ujue unanunua nini kati ya vitu viwili. Kuna katriji za asili zilizokusanywa zikiwa tupu, zikajazwa na kufungwa upya. Hizo zina chipu halisi. Nyingi ya zile mbadala zenye kichwa ni za namna hii, kwa sababu kunakili kichwa ni kazi ngumu. Hatari yake ni kwamba huenda ilishafungwa kwenye printa ya mtu mwingine na ule mpangilio wa ulinzi, au imetoka soko la bara jingine. Haitakubali, na hakuna utakachofanya.

Kuna na zile zilizotengenezwa upya mwanzo mwisho, zenye chipu ya kunakili. Hizi ndizo zinazokufa ghafla. Tarehe 13 Septemba 2016 wenye HP OfficeJet sehemu nyingi duniani waliamka wakakuta katriji mbadala zilizokuwa zikifanya kazi jana zimekataliwa kwa mpigo, kwa sababu ya programu iliyokuwa imeshaingizwa kwenye printa kabla ya hapo. HP waliomba radhi mwezi huo huo kwa kutowaeleza wateja vizuri, na wakatoa programu ya kuondoa kizuizi kwa printa zilizoguswa. Mamlaka ya ushindani ya Italia ikaja kuwatoza faini ya euro milioni 10 mwaka 2020. Mfumo wenyewe haukuondoka, upo kwenye printa nyingi zinazouzwa sasa.

Kama umechagua njia hii, zima masasisho ya kujiendesha ya printa siku ya kwanza, na usiipe intaneti bila sababu. Utakosa marekebisho ya usalama, hilo ni kweli, na ni juu yako kupima. Kwa printa inayounganishwa kwa waya wa USB na kompyuta moja nyumbani, mimi sioni tatizo kubwa.

Kwa wanaodhani printa haiwezi kiufundi kuchapa bila chipu, kuna kisa cha Canon. Mwanzoni mwa 2022 chipu zilipoadimika duniani, kampuni hiyo ililazimika kuuza tona, yaani unga unaotumika badala ya wino, za mashine zake za ofisini bila chipu, kisha ikawaeleza wateja wake Ulaya jinsi ya kuyapita maonyo. Mashine ziliendelea kuchapa. Kilichopotea ni uwezo wa kusoma kiwango cha tona kwa usahihi.

Gharama. Kati na kati. Nafuu kuliko asili, ghali kuliko kujaza. Ila ukinunua tatu na moja ikakataliwa, ipigie hesabu hiyo pia.

Kazi na uchafu. Hakuna. Unatoa hii unaweka ile. Faida hii isidharauliwe.

Ubora na kichwa. Inategemea kabisa nani kaitengeneza, na boksi jeupe halisemi. Kwa printa ambazo kichwa kimo ndani, wino mbaya ni hatari ya kudumu. Kuhusu dhamana, masharti ya HP yanasema kutumia katriji isiyo yao hakufuti dhamana kwenyewe, lakini uharibifu ukionekana umetokana na katriji hiyo, matengenezo ni juu yako.

Inamfaa nani. Mwenye printa za vikopo vya rangi moja moja, ambaye hataki kuchezea sindano, na ambaye ana duka la karibu linalokubali kurudishiwa. Ijaribu siku hiyo hiyo. Na usilimbikize kabatini, maana sasisho moja linaweza kuzigeuza zote kuwa plastiki.

Njia ya tatu: kufungiwa mirija na chupa za nje

Huu ndio mtindo uliozoeleka kwenye steshonari za mitaani: chupa nne kando ya printa, mirija minne myembamba inaingia ndani na kwenda na kurudi pamoja na kichwa.

Kukubalika. Kwenye Epson za katriji, mirija huja na chipu za kujirudisha zenyewe: hesabu ikifika mwisho, unabonyeza kitufe au unazima na kuwasha, na chipu inadai imejaa tena. Inafanya kazi vizuri mpaka siku printa itakaposasishwa. Kwenye HP na Canon zenye kichwa, fundi hutoboa katriji ya asili na kuchomeka mirija, kwa hiyo chipu ni ile ile na printa hukubali kwa maonyo yale yale niliyoyataja. Kichwa kikichoka, unanunua katriji mpya na fundi anarudi kutoboa.

Gharama. Unalipa fundi mwanzoni, kisha wino wa chupa. Kwa anayechapa sana, ukurasa unashuka bei karibu sawa na tanki.

Kazi na uchafu. Chupa zikae usawa mmoja na printa. Ukiziinua juu ya rafu, wino utatiririka wenyewe hadi mezani. Ukiziweka sakafuni, kichwa kitanyonya hewa. Kuihamisha printa hiyo kutoka chumba hadi chumba ni shughuli, na nyumba yenye mtoto anayetambaa haifai kabisa.

Ubora na kichwa. Mirija ikikaa vizuri, kichwa hupata wino muda wote, jambo ambalo ni zuri kwake. Ikikaza au kugusa kifuniko, rangi moja hupotea katikati ya kazi. Na kwa Epson kuna sponji za kupokea wino taka chini ya mashine. Printa inahesabu wino unaomwagwa humo kila inaposafisha kichwa, na hesabu ikitimia inasimama mpaka sponji zibadilishwe na kihesabio kirudishwe. Mirija haisababishi hilo, lakini anayechapa kurasa maelfu atalifikia.

Inamfaa nani. Aliye na printa nzuri tayari, anayechapa kwa wingi mahali pamoja, na mwenye fundi anayepatikana kwa simu. Kwa nyumba ya kawaida, leo sioni sababu ya kuanza na njia hii.

Njia ya nne: printa ya tanki kutoka kiwandani

Mirija hiyo ya mitaani ndiyo mama wa printa hizi. Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, soko ambalo watu walikuwa wameshazoea kujifungia chupa za nje. Sasa Canon wana printa za mfululizo wa G, HP wana Smart Tank, Brother nao wana zao.

Kukubalika. Suala limekwisha. Tanki la Epson L3250, kwa mfano, halina chipu ya kuulizana nayo. Unamimina wino, unatazama kwa macho usishuke chini ya mstari. Matoleo ya mwanzo ya Epson yalidai uingize namba iliyochapwa kwenye chupa, lakini hizi za sasa hazina habari hiyo. Ukitia wino wa kampuni nyingine, printa haitajua. Kichwa ndicho kitakachojua.

Gharama. Bei ya kununua ni kubwa, mara nyingi mara kadhaa ya printa ndogo ya katriji. Baada ya hapo mambo yanageuka. Chupa nyeusi ya Epson 103 ina mililita 65 na inakadiriwa kurasa 4,500. Linganisha na zile 120 za katriji ya HP 305: chupa moja inafanya kazi ya katriji zaidi ya 37. Kwa sababu hiyo, haja ya kutafuta wino wa kampuni nyingine inapungua. Chupa ya asili yenyewe inavumilika bei, na mimi ningeitumia hiyo hiyo ili kukilinda kichwa.

Kazi na uchafu. Kumimina mara chache kwa mwaka. Hakikisha tu huitii buluu kwenye waridi, kwa sababu kulitoa kosa hilo kwenye mirija ya ndani ni kazi ya fundi.

Ubora na kichwa. Wino mweusi wa 103 ni wa kuyeyuka, si pigmenti, kwa hiyo nyaraka za L3250 hazipendi maji. Kama nyaraka zinazostahimili maji ni muhimu kwako, uliza modeli ambayo nyeusi yake ni ya pigmenti kabla hujalipa. Tatizo kubwa zaidi ni kukaa bila kuchapa. Kwenye Epson hizi kichwa kimefungwa ndani. Wino ukikauka humo huwezi kukitoa na kukiweka kwenye tishu kama katriji. Chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote angalau kila wiki. Na uizime printa kwa kitufe chake, si swichi ya ukutani, kwa sababu ikizimwa kwa kitufe hukirudisha kichwa kwenye kifuniko chake cha mpira. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi, kwa hiyo ukirudi tu iwashe uiache itulie, kisha uizime ipasavyo.

Inamfaa nani. Nyumba yenye wanafunzi wawili watatu, mwalimu anayechapa mitihani, mwenye biashara ndogo ya nyumbani. Haimfai anayechapa tiketi moja kwa miezi mitatu.

Neno fupi kuhusu leza

Kama unachapa maandishi meusi tu, tena kwa nadra, tazama pia leza ndogo ya rangi moja. Tona ni unga, haukauki hata ukisafiri miezi sita. Chipu zipo huko pia, na mchezo wake ni ule ule: kasha la asili lililojazwa likiwa na chipu yake lina nafasi nzuri kuliko la kunakili, ingawa baadhi ya chipu za tona nazo hubidi zibadilishwe kila unapojaza.

Kwa hali yako

Una DeskJet au PIXMA ndogo na katriji zake za asili bado unazo: zijaze kabla hazijakauka kabisa. Zima ulinzi wa katriji kama ni HP. Zikichoka, nunua nyingine za asili mara moja, kisha uanze kujaza upya hizo.

Umeshazitupa: bei ya jozi mpya ya asili ndiyo kiingilio chako. Kama jozi hiyo inafika nusu ya printa ya tanki na unachapa kila siku, weka pesa hiyo kwenye tanki. Kama unachapa mara mojamoja, nunua jozi uitunze.

Una printa ya vikopo, na imeshaanza kukataa mbadala baada ya kusasishwa: jaribu muuzaji mwingine mwenye chipu za toleo jipya zaidi, ukikubaliana naye kurudisha. Zikikataa tena, rudi kwenye za asili kwa rangi zinazoisha, huku ukijipanga kwa printa nyingine.

Printa yako imeandikwa "e" na ulishakubali HP+: usipoteze pesa kwa sindano wala katriji mbadala. Tumia za asili, au iuze kwa mtu ukimweleza ukweli huo.

Umeletewa printa kutoka nje: soma namba ya katriji iliyomo kabla ya kwenda Kariakoo au Luthuli. Kama namba hiyo haiuzwi hapa, jaza hizo ulizonazo, na mwambie ndugu akija tena akubebee mbili za akiba.

Unataka kununua printa leo na hujaamua: muulize muuzaji bei ya wino kabla ya bei ya mashine, kisha gawanya kwa idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la wino. Fanya hivyo kwa printa mbili zilizo mbele yako, ukiwa bado dukani, simu mkononi.